Dada Mkubwa wa Kwenye Novela

Tuliporudi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya kukaa ukimbizini, nyumba nyingi za mtaa wetu hazikuwa na milango. Kuta zilikuwepo, mabati yalibaki hapa na pale, lakini milango ilikuwa imekwenda, na watu walilala nyuma ya mapazia ya kapulana, vitambaa vyetu vinavyofanana na kanga. Baba yangu mkubwa ni seremala, kwa hiyo mwaka ule hakupata kupumzika. Alihamishia kazi yake kwenye baraza ya dada yake, shangazi yangu, kwa sababu pale palikuwa na kivuli, na tangu asubuhi mpaka alasiri tulisikia randa likipita juu ya mbao.

Shangazi mwenyewe hakuwa na mlango bado. Alikuwa na televisheni. Mwanawe anayefanya kazi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alimletea pamoja na dishi na dekoda, na shangazi aliiweka juu ya sanduku, akaitandikia kitambaa cha kufuma, akawaambia watu waliomcheka kwamba mlango unaweza kusubiri. Mchana, akisharudi kutoka sokoni alikouza samaki wa kukaanga, alinawa mikono, akaketi mkekani, akaiwasha. "Kimya," alisema, hata kama hakuna aliyekuwa akizungumza. "Inaanza."

Kilichokuwa kinaanza ni novela, mchezo wa Kireno wa kila siku. Ulionyeshwa usiku na kurudiwa mchana wa pili, na sisi tulikuwa watu wa marudio, maana usiku umeme wetu ulikuwa wa kupepesa tu. Wanawake wa mtaa walijaa chumbani mpaka dirishani. Wengi wao Kireno chao kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei na kusalimia askari. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili, basi nafasi yangu ilikuwa pembeni mwa kioo, uso kwa watu, nikitafsiri. Sikutafsiri kwa sauti moja. Mzee msimamizi wa shamba nilimpa sauti nzito, vijana nikawapa sauti ya haraka, na mwanamke tuliyekuja kumgombania nikampa sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

Huyo tulimwita Dada Mkubwa. Jina lake la kwenye novela halikutukaa mdomoni. Alikuwa wa kwanza katika ndugu wanne wa shamba kubwa la kahawa, na mama yao alipofariki ndiye aliyewalea wadogo zake. Alijitanda mtandio mweupe, hakupaza sauti hata siku moja, na kazi yake ilikuwa kuwafarakanisha. Si kwamba alisema uongo wa wazi. Alichukua neno alilolisikia kwa huyu, akalipunguza kidogo, akalipeleka kwa yule. Ndugu wawili wa kiume walikuwa hawasalimiani kwa ajili yake, na kila mmoja wao alikuja kulia begani kwake. Yeye aliwapapasa kichwa.

Mabishano yetu yalianza siku ya supu. Ndugu yao wa mwisho, msichana, alikuwa na homa. Mchumba wake alikuja na maua, mvua inanyesha, akasimama getini. Dada Mkubwa akatoka na mwavuli, akamfunika hata yeye asilowe, akamwambia kwa upole: "Ameniomba nikuambie usirudi tena. Msamehe, bado mdogo." Kisha akaingia ndani, akamnywesha mgonjwa supu kijiko kwa kijiko, akampangusa jasho. Msichana akauliza kama kuna mtu aliyekuja. "Leo hajaja mtu, kipenzi changu," akasema.

Nilipomaliza kutafsiri sentensi hiyo chumba kililipuka. Mwanamke mmoja alisimama akashika kichwa. Shangazi alipiga mkeka kwa kiganja, vumbi likaruka.

"Mali!" alisema. "Hiyo ni mali, hakuna kingine. Msichana akiolewa, fungu lake la shamba linaondoka na mume. Huyo mwanamke analinda shamba."

"Sivyo, dada." Aliyesema ni jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, Mmakonde wa kutoka uwandani juu, ambaye kabla ya vita alikuwa analima Diaca na sasa alikuwa amepanga nyumba ya nyuma ya ua wetu. Alikuwa Mkristo, mtaratibu, na kabla ya siku ile sikumbuki kama aliwahi kumpinga mtu katika nyumba ile. "Huyo hana tamaa. Huyo ana hofu."

"Hofu ya nini? Ana watumishi, ana gari, ana ghorofa."

"Hofu ya kuachwa. Hukuona jana? Alitandika meza, sahani nne, akakaa. Hakuna aliyekuja kula. Kama anataka mali, mbona pale peke yake hakutazama mali yake? Alitazama mlango."

"Alitazama sahani. Zile sahani ni za kaure!"

Watu walicheka, lakini jirani hakucheka. Alirudia kwamba alitazama mlango. Hapo kichwa cha baba mkubwa kikatokea dirishani, nywele zimejaa maranda, kalamu ya risasi sikioni. Siku zote alidai hasikilizi mambo yetu.

"Nyote mmekosea," alisema. "Anampenda yule kijana. Kwa nini alimfunika mwavuli? Wewe ukimchukia mtu unamfunika mwavuli?"

Wanawake wote, wa upande wa shangazi na wa upande wa jirani, walimzomea kwa pamoja. "Rudi kwenye mlango wa watu!" shangazi alimwambia. Alirudi, lakini tulimsikia akiendelea kujitetea peke yake huku anapiga randa.

Tangu siku ile novela haikuwa tena kitu cha kutazama tu. Tuliitazama kama watu wanaofuatilia kesi. Bombani, wanawake walisimama na ndoo zimejaa wakibishana. Sokoni, wateja wa shangazi walianza kumuuliza habari za Dada Mkubwa kabla ya kuuliza habari za samaki, naye aliwajibu akiwa na mwiko mkononi, mafuta yanachuruzika. Wachache waliokuwa na umeme mzuri walikuwa wameshaona usiku kilichotokea, na wengine hawakuweza kujizuia. Shangazi akatangaza kwamba atakayesimulia ya usiku kabla ya marudio, samaki wake hatauziwa. Mwanamke mmoja kweli alirudi nyumbani mikono mitupu.

Na mimi, ambaye mwanzoni nilitafsiri ili nisichukie kukaa nyumbani, nilianza kuamka asubuhi nikiingojea saa ile. Pande zote mbili zilinisikiliza kwa masikio makali. Jirani alikuwa na Kireno kidogo cha shule ya misheni, kisichotosha kufuata maneno yote, lakini kilitosha kunikamata. Siku moja Dada Mkubwa alimwambia mdogo wake neno, nami nikasema, "Nyamaza."

"Hapana, mwanangu," jirani alinikatiza. "Hakusema nyamaza. Kasema tulia."

Alikuwa na haki. Nilirekebisha mbele ya watu, na shangazi akanung'unika kwamba sasa hata mtafsiri amehongwa. Lakini kuanzia hapo nilitega sikio kwa namna nyingine. Niligundua kwamba neno moja nikilipeleka kushoto, upande mmoja unashangilia, nikilipeleka kulia, unashangilia mwingine, na kwamba watu wazima waliokaa pale walikuwa wananitegemea mimi nisiwapunje. Nilianza kumsikiliza mwigizaji yule mpaka pumzi zake.

Ushindi ulihama kila siku. Wakili alikuja shambani, na Dada Mkubwa akampa kaka yake fungu lake la ardhi, akatia saini bila hata kusoma. Jirani alisimama, akafungua mikono. "Mali iko wapi, dada? Nionyeshe. Ameigawa!" Siku hiyo shangazi alipika kisamvu, akakitia chumvi mara mbili. Kesho yake ikabainika kwamba ardhi ile ilikuwa upande wa kilima usiofikiwa na maji, na kwamba mto ulipita kwenye fungu alilobakiza. Shangazi alipiga vigelegele mpaka watoto wa nyumba ya tatu walikuja mbio wakidhani kuna harusi. Alizunguka chumba akicheza, kapulana imeshikwa mkononi, akamwinamia jirani na kumwuliza, "Hofu iko wapi sasa? Hofu inajua kupima mto?" Na jirani, ambaye nilikuwa bado sijamwona akicheka kwa sauti tangu ahamie, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Subiri," alisema. "Subiri tu."

Kitu ambacho sijakisema ni kwamba wakati huohuo nilikuwa na shauri langu. Nilikuwa nimekubaliwa kwenda Pemba kusomea ualimu wa shule ya msingi. Habari zilinifikia kwa simu, na shangazi alifurahi kweli, alinikumbatia, aligawa kashata kwa majirani. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama yuko ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zake, na aliyenilea ni shangazi. Nilidhani ningeondoka mwezi uleule. Lakini kwanza shangazi alisema tungoje mvua iishe. Mvua ikaisha, akasema twende tufunge Ramadhani pamoja. Baada ya Idi akasema barabara haijatulia. Hilo halikuwa neno la kubuni, sote tulijua barabara ile ilivyokuwa, na mimi mwenyewe nilikuwa na woga wangu. Hata hivyo magari yalikuwa yanakwenda na kurudi, na wenzangu wawili walikuwa wameshafika. Chuo kilikubali kuningoja mara moja. Mara ya pili waliniambia nafasi haitakaa wazi daima.

Basi siku moja kwenye novela, yule msichana mdogo, homa imemtoka, aliitwa mjini kusomea muziki. Alikuja kumwambia dada yake huku anaruka. Dada Mkubwa alimshika mashavu, akambusu, akasema maneno ambayo nilijikuta nayatafsiri taratibu sana: "Utakwenda, kipenzi changu. Nani atakuzuia? Lakini si sasa."

Maneno hayo yalinitoka kwa sauti yangu mwenyewe, si ile niliyomzoesha Dada Mkubwa. Nilitazama chini. Nilipoinua macho, wanawake wote walikuwa hawatazami kioo, wananitazama mimi, na wengine wakamtazama shangazi.

"Na hii nayo ni mali?" jirani aliuliza, pole pole.

"Ni mali," shangazi alisema. "Akienda mjini ataerevuka, atakuja kudai fungu lake."

"Basi wewe, dada. Kwa mtoto huyu unatafuta mali gani?"

Randa la nje lilinyamaza. Sijui kama jirani alikusudia maneno yatoke hivyo, maana alijifunika mdomo mara tu alipoyasema. Shangazi aliinuka, akazima televisheni kipindi kikiwa katikati, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akatoka uani. Wanawake walikusanya watoto wao na ndara zao wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimekaa mbele ya kioo cheusi. Nilikuwa namwonea shangazi huruma, na hapohapo nilitamani kumkimbilia jirani nimshike mikono, kwa kuwa amesema nililoshindwa kulisema kwa miezi.

Siku zilizofuata hazikuwa na raha. Jirani hakuja. Tulisikia cherehani yake nyuma ya ua ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Wanawake wengine walikuja, walikaa, lakini shangazi hakusema mali wala hakusema kitu. "Endelea," aliniambia nikinyamaza, basi. Hata baba mkubwa alitazama dirishani bila kutoa nadharia yake, na siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini kama shangazi yangu analala vizuri. Nilimwambia hapana, nasikia anageuka. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchonga fremu.

Kisha ikafika siku ya mwisho ya novela. Wiki nzima televisheni ilikuwa inatangaza kwamba siri zote zitafichuka, na shangazi, ingawa alikuwa amejinunia, aliamka asubuhi akajipaka msiro, ule unga mweupe wa mti wa urembo, usoni kama anakwenda ngomani. Samaki hakuwauza wote. Alirudi mapema, akafagia chumba, akatandika mikeka ya ziada. Watu wakaanza kuingia. Na ilipobaki kidogo tu kuanza, feni ikapunguza mwendo, ikasimama, na taa nyekundu ya dekoda ikazimika.

Mtaa mzima ulipiga yowe kwa mara moja. Tulitoka uani kutazama nyaya, kana kwamba tungeuona umeme umekwama mahali. Shangazi alisimama katikati, mikono kiunoni, uso mweupe kwa msiro.

Ua wa makuti ulitikisika, jirani akapenya kwenye upenyo wa kuku. Alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni.

"Dada," alisema, "umeme umekatika."

"Nimeona."

"Kwa mwenye jenereta wana televisheni."

"Wanaume wako kule wanatazama mpira."

Walitazamana. Sote tuliwatazama.

"Basi ndiyo tuwaachie?" jirani akauliza.

Shangazi alijifunga kapulana vizuri. "Nani kasema tuwaachie? Mwanangu, tangulia!"

Tulitoka kwa mkumbo mmoja. Sijawahi kutembea hivyo tena mtaani mwetu, wanawake peke yetu, nusu tunakimbia, wengine na watoto mgongoni, na kila nyumba tuliyopita mtu alichungulia akauliza kuna nini, akaambiwa, akajiunga. Nyuma yetu baba mkubwa alikuja na patasi mkononi, hakupata hata muda wa kuiweka. Mchanga ulikuwa wa moto, nami nilikuwa nimesahau ndara, na sikujali.

Mwenye jenereta alikuwa na kibanda cha mabati ambamo aliuza soda na kuchaji simu za watu. Ndani wanaume walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi, macho juu. Shangazi alisimama mbele ya kioo.

"Tunaomba chaneli."

Zogo lililotokea! Mmoja alisema wameshalipia soda. Mwingine akasema wanawake wana nyumba zao.

"Huo mpira ni wa lini?" shangazi akauliza.

Wanaume walitazama soda zao.

"Ni marudio," alisema. "Mechi hii mlishaiona, mnajua nani kashinda na nani kafunga. Mnatazama nini? Mnadhani safari hii kipa ataudaka?"

"Na novela yenu si marudio?" mwenye jenereta akajibu.

"Ni marudio, lakini sisi hatujui! Nimekataza watu wote mjini wasituambie!"

Mmoja wa wanawake wetu alipita katikati ya mabenchi bila kusema, akachukua rimoti kwenye kaunta, akabadilisha. Alikuwa mke wa mwenye jenereta. Mumewe alimtazama, akatazama paa, akauliza kama kuna mtu anataka soda.

Wanaume hawakuondoka. Walibaki kutuonyesha kwamba wamekasirika. Kelele ya jenereta ilikuwa kubwa, basi nilipandishwa juu ya kreti la chupa tupu karibu na kioo, na nilipogeuka niliona nyuso hata mlangoni na nje ya mlango. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu wengi kiasi kile. Nilivuta pumzi nikaanza, kwa kelele, na sauti zangu zote zikaja: kaka mkubwa, kaka mdogo, mchumba, msichana. Kidogo kidogo wanaume walianza kuuliza. Huyu ni nani? Yule kamkosea nini? Wanawake waliwajibu kwa kifupi na kwa hasira, kama mtu anayepunguziwa muda.

Ndugu walikuwa wamekutana mezani, na kwa mara ya kwanza walisimuliana wenyewe kwa wenyewe. "Mimi niliambiwa wewe umesema hivi." "Mimi? Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyesema." Kila neno lilipopata mwenyewe, kibandani mtu alipiga mguu chini. Mwisho wote walimgeukia dada yao. Msichana mdogo akamwuliza neno moja: kwa nini?

Hata mwenye jenereta alikuwa ameacha kufungua soda. Dada Mkubwa aliuvua mtandio wake mweupe, akaukunja, akauweka mezani, akasema: "*Eu só queria ficar com o que era nosso.*"

Nami nikakwama.

"Kasemaje?" walipiga kelele. "Kasemaje?"

Nilikuwa nimelielewa kila neno, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Nilimwona shangazi amenyoosha shingo, na bega kwa bega naye jirani, futi bado shingoni, ameshika mkono wa shangazi bila kujua.

"Kasema," nilipaza sauti, "nilitaka tu kubaki na kilicho chetu."

"Kilicho chetu!" shangazi aliruka. "Mmesikia? Mali! Kakiri kwa mdomo wake!"

"Kubaki!" jirani alipiga kelele kumshinda. "Kasema kubaki! Alitaka kubaki nao!"

Kibanda kiligawanyika palepale. Wanaume ambao saa moja nyuma hawakumjua Dada Mkubwa walikuwa wamesimama wananyoosheana vidole. Mvuvi mmoja alisema mali, kaka yake akasema upweke, wakaanza kukumbushana mambo ya kwao ambayo hayakuhusu kahawa hata kidogo. Baba mkubwa aliomba watu watazame jinsi yule mwanamke alivyomtupia jicho mchumba, na hakuna aliyemtazama yeye. Kisha mwenye jenereta akagonga kaunta kwa chupa.

"Kimya! Tumwulize mwalimu. Mwalimu, wewe unasemaje? Ni lipi?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nadhani alilisema tu kwa kuwa nilikuwa nimesimama juu ya kreti.

"Yote mawili," nilisema.

"Haiwezekani!"

"Inawezekana. Sikilizeni." Nikawaeleza. Niliwaambia kwamba Kireno kina neno moja hapo, *ficar com*. "Nikisema *fiquei com o peixe*, maana yake samaki ni wangu, nimemchukua, simtoi. Nikisema *fiquei com a minha mãe*, nilibaki na mama yangu, sikuondoka. Maneno ni yaleyale. Yeye kasema kwa neno lile, na kwa namna alivyolisema huwezi kujua kama anawashika ndugu zake kama samaki au kama mama." Mvuvi aliniambia nirudie. Nilirudia. Nikawaambia wao waseme, na wakasema, wanaume na wanawake, kibanda kizima, *fiquei com o peixe*, wengine wakicheka, wengine wakitamka kwa bidii na nyuso zimekazana. Kijana mmoja alitoa mfano wake mwenyewe, wa baiskeli, nikamwambia ni sawa kabisa, akajiona mfalme. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Novela ilikuwa imeisha, majina yanapita kwenye kioo, na hakuna aliyebadilisha chaneli. Nilikuwa na joto mwili mzima, nataka waulize tena, nataka wakosee niwasahihishe, na nikageuka nikamwona shangazi.

Hakuwa akibishana tena. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekutana nami njiani katika mji wa mbali, akaanza kunikumbuka.

Tulirudi nyumbani pamoja, wao wawili mbele, wameshikana mikono, jirani anaeleza kwamba sahani nne zilikuwa ushahidi tosha, shangazi anamwambia anyamaze. Kwenye upenyo wa kuku waliagana. Niliwasikia.

"Nilikusema vibaya, dada."

"Ulinisema. Kesho njoo, kuna novela nyingine inaanza."

Ndani, shangazi alikaa mkekani akaanza kuchambua mchele, ingawa mchele ulikuwa msafi.

"Gari la Pemba linaondoka lini?" aliuliza.

Nilimwambia. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka.

"Mali mimi sina," alisema. "Unajua."

"Najua, shangazi."

"Basi yule jirani alikuwa na haki nusu."

"Nusu ipi?"

"Usinichokoze." Akapepeta ungo, vumbi la mchele likanirukia usoni, na aliponiona najifuta akaanza kucheka, na mimi nikacheka, nikamwangukia mapajani kama nilivyofanya nikiwa mdogo, mchele ukamwagika wote. Baadaye, tulipokuwa tunauokota, alisema kwamba alipokuwa ukimbizini alikuwa akiamka kila alfajiri kunigusa mguu ahakikishe nipo.

Siku zilizobaki zilikuwa za haraka na za kelele. Chuoni walitaka sketi ya rangi ya buluu, na jirani alisema ataishona yeye na hataki kusikia habari ya fundi mwingine. Alinisimamisha juu ya kigoda katikati ya chumba, mdomo umejaa pini. Yeye alilipandisha pindo, shangazi akalishusha.

"Ni mwalimu, si mtawa," jirani alisema kupitia kwenye pini.

"Ni binti yangu, na Pemba kuna upepo."

"Atajikwaa ngazini!"

"Ataishika kwa mkono!"

Walipandisha, wakashusha. Mwisho walimwita baba mkubwa aamue. Aliingia na futi yake ya useremala, akapiga goti, akanipima kutoka kisigino mpaka goti kwa uangalifu mkubwa kana kwamba nami ni mlango wa mtu, akatia alama kwa kalamu ya risasi. Kisha akasema sketi haina neno, ila yeye anachotaka kujua ni kama huko chuoni kuna vijana wenye miavuli. Shangazi alimfukuza kwa ufagio. Jirani alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, na mimi juu ya kigoda nikamwomba kila mtu asimame palepale alipo, maana nilikuwa peku na pini zimetapakaa chumba kizima.